Kinywa cha Koko Mzungu

Watu wa Kisangani wananijua. Shuka bandarini, soma jina la boti yoyote, herufi zile zimetoka kwangu. Duka la dawa, baa, gereji, lori la mbao, hata sanduku la sadaka la kanisani, na mimi ni Mwislamu, vyote vimepita mikononi mwangu au mikononi mwa vijana niliowafundisha. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole. Leo wenye diploma wanakuja kukaa kwenye benchi langu wakingoja niwaandikie vibao vya ofisi zao, na wananiambia, "Patron, usikosee jina." Sikosei. Sijisifu, nasema lililopo. Kwa hiyo mwezi uliopita Raphaël alipofariki, nilikwenda kwenye matanga yake kule Tshopo kama mtu mkubwa anavyokwenda: kwa gari langu, suti ya kijivu, magunia ya mchele nyuma. Nilikwenda pia na kinyongo changu. Nilikuwa nimekibeba tangu ujana, na sikuona sababu ya kukiacha nyumbani siku ile, maana hata marehemu hakuwahi kuniomba nikitue.

Walinipa kiti cha mbele, chini ya hema, karibu na jeneza. Juu ya jeneza walikuwa wameegemeza sura ya Raphaël, aliyoichora mwenyewe kwa mafuta akijitazama kwenye kioo. Niliitazama kwa muda mrefu, maana kwenye matanga mtu ana haki ya kutazama. Pua ilikuwa pua yake. Masikio yake, makovu ya tetekuwanga, nywele zilizorudi nyuma, kila kitu mahali pake, kavu, safi, imepakwa vanishi. Nikasema moyoni nililolisema kila nilipoona kazi yake katika salon za watu, sebuleni mwao: sawa, lakini haisemi kitu. Aliyeishi kwa kuchora sura katika mji huu ni yeye. Mimi nilibaki na herufi. Wamama walikuwa wanaimba, wajukuu wanapitisha maji, na mimi kichwa changu kilikuwa kimekwisha kurudi katika karakana ya Bwana Talatala, katika ule mwaka ambao mpaka leo ukinijia usiku wa joto unanitia hasira kama mbu.

Ulikuwa mmoja wa miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru, wazungu walipokuwa bado wanauita mji jina lao na sisi tunauita Kisangani. Bwana Talatala si jina lake. Tulimwita hivyo kwa ajili ya miwani, maana miwani kwetu ni talatala, na yake ilikuwa minene kama tako la chupa. Mbelgiji mrefu, mpweke, alinuka terebentini hata siku ya sikukuu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala la Mgriki mmoja, karibu na mto, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Mwanga ulipita juu ya meza, juu ya makopo, ukafa kabla haujafika kwenye pembe ya mwisho, na pale pembeni ndipo sisi tulipokula. Kazi iliyomlisha ilikuwa vibao na majina ya boti. Kazi aliyoipenda ilikuwa sura. Wazungu wenzake walikuja kukaa kwenye kiti chake cha ngozi, leo bwana, kesho bibi, naye akawachora, na sisi tukaambiwa tusipige kelele na makopo. Sisi wawili ndio tuliokuwa watu wake wa herufi. Raphaël alitoka Yanonge, mtoto wa mto, Mkristo, mcheshi, ana vidole virefu vya kushona nyavu. Mimi nilitoka Maniema, nilikaa cité, mtaa wa watu weusi, kwa shangazi yangu, na hata wakati ule herufi yangu ya S ilikuwa nzuri kuliko ya Bwana Talatala mwenyewe. Alilikubali hilo. Raphaël pia alilikubali.

Ukutani, mahali ambapo mwanga ulikuwa bora, alitundikwa mama yake Bwana Talatala. Kizee wa kizungu, gauni jeusi, kitambaa cheupe kichwani, mikono imepumzika tumboni. Aliyemchora alikuwa fundi wa kwao, na hakumwonea haya: alimtia mishipa ya mikono, chunjua juu ya nyusi, ngozi ya shingo iliyolegea kama ya kuku aliyenyonyolewa. Siku ya kwanza nilipoingia mle ndani, natoka juani, macho bado na giza, niliinama nikamwamkia. Raphaël alicheka mpaka akamwaga rangi. Toka siku hiyo tulimwita Koko, kama tunavyowaita wazee wetu, na asubuhi tukifika tulimsalimu kwa mzaha: "Koko, umelala muzuri?" Bwana Talatala alisikia, akaacha tu.

Mwanzo wa mwaka ule alituita mbele ya picha. Dada yake huko Ulaya alikuwa anamdai mama yao. Walikuwa wanapokezana, na zamu ya dada ilikuwa imefika.

"Bon," akasema katika Kiswahili chake cha kuvunjavunja. "Mama atarudi kwetu na boti, mwisho wa mwaka. Mi nabaki hapa bila mama. Donc, ninyi wawili mutanifanyia mama mwingine. Kila mutu wake, na mafuta, sawa na huyu. Ile itakuwa muzuri naweka kwa salon yangu. Na mwenye kuifanya ataacha herufi. Atafanya sura, pamoja na mimi."

"Na mwenye kushindwa, Monsieur?" Raphaël aliuliza.

"Mwenye kushindwa, boti iko mingi ya kuandika."

Tulicheka wote watatu. Lakini jioni tukirudi cité, maana mtu mweusi hakuruhusiwa kuchelewa katika mji wa wazungu, kila mmoja alitembea upande wake wa barabara. Mtu mweusi mwenye kuchora sura za wazungu wakiwa wamekaa, yeye amesimama na kuwaambia "usitikisike"! Fikiri mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha jiona.

Na hapo ndipo mateso yalipoanza. Alitupa kila mmoja turubai iliyowambwa kwenye mbao, akatufundisha kugawa picha kwa miraba ya uzi, kupima kwa kijiti kwa jicho moja, kuchora kwa makaa, kufuta kwa ndani ya mkate, ndiyo, mkate, mimi nikaula. Baadaye rangi ya kijivu chini, kisha ngozi juu. Alichanganya rangi kwa mafuta ya lin, mafuta mepesi ya mbegu za kwao, yaliyokuja kwa boti ndani ya bati lenye kifuniko cha shaba, naye akayatoa kwa tone kama dawa ya macho. Mimi nilijua mzungu ni mweupe na mwekundu, nikachanganya nyeupe na nyekundu nikapata nguruwe. Bwana Talatala alikuja nyuma yangu. "Angalia! Hapa chini ya jicho iko kijani. Hapa kwa shingo iko bluu." Nikamwambia, "Monsieur, mutu wa bluu?" Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kuelekea ukutani kama mtu anayegeuza chungu. "Acha kusema. Angalia." Na kweli, ukitazama hata macho yakachoka, bluu inatokea. Hilo nilijifunza, sikatai. Lakini kila Jumamosi, kabla ya kufunga, alichukua kitambaa chenye terebentini, akasimama mbele ya kazi zetu, na mahali alipoona uongo akapafuta. Ya Raphaël alifuta sikio, mwezi mwingine alifuta kidole, mwishowe akawa anaweka kitambaa mfukoni bila kukitumia. Yangu alifuta uso mzima. Juma zima la jasho, linaondoka kwa mkono mmoja, namwona Koko anavutwa kwenda kulia, anakuwa ukungu, anakuwa hakuna. Nilirudi nyumbani kila Jumamosi kama mtu aliyetoka kuzika.

Kinywa ndicho kilichoniua. Macho niliyapata, chunjua nililipata vizuri kupita lenyewe. Kinywa kikanikataa. Kwenye picha ya ukutani kilikuwa kimefungwa tu, midomo myembamba, hakuna cha ajabu, lakini ukikitazama ulijua kuna neno nyuma yake. Mimi nikikifunga, kilikuwa kimefungwa kama mlango. Nikikilegeza, Koko anacheka. Nikikikaza, anataka kunipiga. Raphaël alipima chake kwa kijiti, kikatoka sawasawa na cha ukutani, urefu kwa urefu, akapita akaenda kwenye mikono. Tulipokula katika pembe yetu ya giza, kwanga ya muhogo na samaki wa moshi juu ya gazeti, alinichokoza.

"We Assumani, unachora huyu mama kama anakudai."

"Na wewe unamuchora kama unapima mbao za jeneza."

"Jeneza yangu iko inafunga muzuri. Yako iko na mutu ndani anapiga makelele."

"Afazali apige makelele kuliko akufe."

"Patron hatatundika makelele kwa salon, ndugu yangu. Kula samaki."

Nilikula samaki. Alinichagulia mara zote kipande cha tumbo, chenye mafuta, nikakichukua bila kusema asante, maana niliona ananidharau. Alikuwa anapita mbele yangu katika jambo ambalo mimi nilikuwa nalo moyoni na yeye alikuwa nalo vidoleni tu. Hivyo ndivyo nilivyoona, na sijabadili sana.

Nyumbani kwa Shangazi Mwamini kulikuwa na vyumba viwili na ua. Mvua ilipokuwa kubwa na karakana ikavuja upande wangu, Bwana Talatala aliniruhusu nimchukue Koko wangu nyumbani, nikamweka katika chumba cha mbele. Tatizo ni kwamba Shangazi alisali katika chumba hicho, na hakutaka sura ya mtu imtazame akisujudu. Hakunikataza kazi. Alisema tu, "Geuza." Basi Koko alikaa ameelekea ukutani, nimemtegea vijiti viwili pembeni ili rangi isiguse udongo. Wamama wa jirani waliokuja kununua mikate ya Shangazi waliona mgongo wa turubai, wakachungulia, habari ikaenea.

"Mwamini, huyu muzungu wako alifanya kosa gani?" Mama Zaina aliuliza. "Mwalimu alimupa azabu ya kuangalia ukuta?"

"Aliomba mboga mara ya pili," Shangazi akajibu, anageuza mikate.

Nilipomgeuza Koko waone, waliweka mikono kiunoni. Mmoja alisema anaumwa jino. Juma lililofuata nikawa nimebadilisha, wakasema jino limetoka, sasa anacheka aliyeling'oa. Walicheka wao, watoto wao, mpaka mbuzi. Shangazi hakucheka. Alinipakulia lituma, ndizi zilizopondwa zikawa laini kama mto, na pondu ya majani ya muhogo juu yake, mawese yakaelea mekundu pembeni mwa sahani, na nilikula nikimtazama mzungu wangu kwa chuki. Nilitaka kumpasua. Kweli kabisa, siku moja nilikuwa na kisu mkononi. Shangazi akaniambia, "Kama unamuchinja, usimuchinje kwa chumba ya kusalia." Nikacheka bila kupenda, nikakirudisha kisu jikoni.

Mwisho wa mwaka maji ya mto yalipungua. Boti lililokuwa likija kutoka Léo, Kinshasa ya leo, lile lile lililopaswa kumchukua Koko, lilikwama mchangani huko chini, siku zikapita. Katika boti hilo ndimo lilimokuwa bati jipya la mafuta ya lin. Bati la zamani Raphaël na mimi tulikuwa tumekwisha likwangua. Kwake haikuwa neno, Koko wake alikuwa amekamilika, amekauka, ameegemezwa ukutani akingoja vanishi. Wangu alikuwa hana kinywa. Bwana Talatala Jumamosi ile alikuwa amekifuta tena, na mashavu pamoja nacho. Alisimama na kitambaa chake, akanihurumia, na huruma yake iliniuma kuliko kufuta. "Peleka nyumbani," akasema. "Labda huko atakuambia kitu."

Kesho yake, Jumapili, nimekaa uani na turubai magotini, sina la kufanya. Shangazi anaponda ndizi kwenye kinu. Nyuma ya ua wa matete wamama wawili walikuwa wanachota maji, na mmoja, sauti yake tuliijua wote wawili, alikuwa anamwambia mgeni: "Hapa ni kwa Mwamini. Batoto bake bote balikufa. Bote. Sasa iko anafuga ya kaka yake. Batu banasema alibakula mwenyewe." Mgeni akasema "Yesu!" Ndoo ikajaa, wakaondoka.

Mchi wa Shangazi haukusimama. Ulikwenda juu, ulikwenda chini, hakuongeza nguvu wala hakupunguza. Nilimtazama usoni, na pale, katika uso mweusi wa mwanamke wa Maniema mwenye ushungi wa kaniki, nikakiona kinywa cha Koko. Kile kile. Ni kinywa cha mtu aliyesikia, mwenye jibu, tena jibu kali, na ameamua kwamba halitatoka. Hakikukazwa. Pembe moja imeingia ndani kidogo, mdomo wa chini umebeba wa juu kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Mwaka mzima Bwana Talatala alinipigia kelele niangalie, na mimi nilikuwa nakaa mbele ya kinywa hicho kila jioni nikila.

Niliingia ndani nikakimbilia rangi. Tyubu zilikuwapo, mafuta hakuna. Rangi bila mafuta ilivutika kama ugali. Ingekuwa wewe, ungefanya nini? Boti liko mchangani, karakana imefungwa, kinywa kiko uani kinaponda ndizi na kitaondoka wakati wowote. Juu ya rafu kulikuwa na chupa ya mawese ya Shangazi. Mafuta ni mafuta. Kwetu mawese tulipikia, tulipaka ngozi, tulitia kwenye taa, tulilainishia bawaba za mlango, tulimpaka mtoto mchanga, hayakuwahi kutuangusha. Nikakaa mlangoni penye kumwona, nikamimina kwenye kibao cha kuchanganyia rangi. Na nakuambia, msomaji wangu, yalikuja kama baraka. Rangi ikawa laini, ikanifuata. Mafuta ya lin yalikuwa yananikimbiza, yanakauka kabla sijajua ninachotaka, haya yalinisubiri. Nilifanya kinywa, kinywa kikadai mashavu, mashavu yakadai kidevu na shingo. Wekundu wa mawese ukaingia katika ngozi ukaipa damu. Jua lilipoteremka nikasimama, na mle chumbani kulikuwa na mtu.

Shangazi aliingia na mkeka wake wa kusalia. Alisimama. Hakuwahi kuitazama picha ile zaidi ya pumzi moja, lakini sasa alisimama mpaka nikaogopa.

"Shangazi, ni mbaya?"

"Ananiangalia," akasema polepole. Kisha: "Geuza, nisali."

Nikamgeuza. Ile ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizopata maishani, na nimesifiwa na magavana.

Asubuhi nikagusa pembeni: mbichi. Nikangoja. Baada ya juma: mbichi. Nikamtoa juani, juu ya paa la banda la kuku, nikakaa chini kulinda. Jua, ambalo hukausha samaki, kahawa, nguo, muhogo, kila kitu Mungu alichoumba, lilimfanya alainike zaidi. Uso ukaanza kung'aa. Mama Zaina akapita. "Assumani! Mama yako anatoka jasho! Mupatie maji!" Nikamhamishia jikoni penye moshi, akapata masizi. Nzi wadogo walikuja kunusa chakula chao wakabaki na miguu ndani ya shavu, nikawatoa mmoja mmoja kwa unyoya. Kila siku nilirekebisha kidevu kilichoteremka. Raphaël alikuja kuniona, akamtazama Koko pale aliponyanyuliwa na vijiti vyake, akamtazama tena, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule hakuwa na mzaha.

"Kinywa ulikitoa wapi?"

"Kwa kichwa yangu," nikasema.

Akainama karibu, akanusa. Alijua hapo hapo, mtoto wa mto yule. Alifungua mdomo wake, akaufunga. "Boti imetoka mchangani," ndilo alilosema. "Inafika kesho."

Nilimbeba Koko kichwani mpaka mjini, uso juu kuelekea mbinguni, natembea kama mwenye kubeba bakuli la supu. Lori la askari wa kambi ya Kapalata lilinipita likanivika vumbi lote la barabara. Nilipofika, Koko wa kweli alikuwa amekwisha shushwa ukutani, amelazwa katika sanduku la mbao na majani makavu. Mahali pake palikuwa na mraba mweupe. Koko wa Raphaël alikuwa kwenye kiegemeo, msafi, sawa. Bwana Talatala aliweka wangu kando yake, akarudi nyuma, akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Ghala lote la Mgriki lilikuwa likipiga kelele za magunia, lakini mle ndani nilisikia pumzi yake.

"C'est elle," akasema. Ni yeye. Halafu kwa Kiswahili, kama anayejisemesha mwenyewe: "Hivi ndivyo alifanya wakati papa yangu alirudi mulevi."

Akanyoosha mkono, akamgusa shavuni. Nadhani hakukusudia kupima kitu. Alitaka tu kumgusa. Kidole chake kilirudi na shavu. Alikitazama kile kidole, akakinusa. "Mawese," akasema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. "Assumani, Assumani. Hii haitakauka. Sasa hapana, kesho hapana. Nitamutundika wapi? Kila mugeni atatoka na kipande ya mama yangu."

"Nitamufanya tena, Monsieur. Mafuta iko imefika."

"Utamuangalia nani?" Akaonyesha sanduku, nalo tayari lilikuwa linapigwa misumari. "Na kwa sura, mutu lazima ajue kazi inabaki."

Akamtundika Koko wa Raphaël kwenye ule mraba mweupe, ajaribu. Ukajaa sawasawa. Kisha, kwa mazoea ya Jumamosi zote, akachukua kitambaa chake cha terebentini, maana turubai ilikuwa nzuri na haikufaa kupotea. Hapo Raphaël akaingia kati. Alichukua kile kitambaa mkononi mwake. "Acha, Monsieur," akasema. "Nitamufuta mimi." Na hakunitazama.

Niliondoka sikungoja kuona. Ungengoja? Rafiki yako uliyekula naye samaki juu ya gazeti moja anaomba mwenyewe kazi ya kukufuta. Sikurudi pale tena. Nilianza na brashi mbili chini ya mwembe wa bandarini, naandika majina ya mitumbwi, na kutoka hapo nikapanda peke yangu, kwa mkono huu, mpaka kufika nilipofika, na kila ngazi niliyopanda nilisema: tazama, Raphaël, futa na hii. Uhuru ukaja, Bwana Talatala akaenda zake, na jina la mchoraji wa sura likabaki kwa Raphaël. Tulikutana misibani na sokoni. "Patron." "Maître." Basi. Sura sikuchora tena. Watu waliponiomba niliwaambia sina wakati, na kwa hilo nilikuwa nasema kweli, maana nilihakikisha sina.

Ndiyo hayo yaliyokuwa kichwani mwangu pale matanga, wakati Mama Véro, mjane wake, alipokuja akaniinamia. "Tonton Assumani. Kuya kidogo. Kuko kitu yako ndani." Nilimfuata nikidhani ni habari ya mchele. Alinipitisha salon, akanipitisha chumba cha watoto, tukaingia chumba chao cha kulala. Juu ya kabati, ukutani, palikuwa na turubai imegeuzwa, uso umeelekea ukuta, na pembeni vijiti viwili vimetegwa ili isiguse.

"Hakukubali mutoto aikaribie," akasema. "Kila tukihama nyumba, hii anaibeba yeye mwenyewe, kwa kichwa. Mi nilimuambia, papa, hii kitu inanuka, tutupe. Akasema: haijakauka, na mwenyewe hajamaliza, siku moja atakuja."

Nikaigeuza. Vumbi la mwaka wetu lilikuwamo ndani yake, la lori la askari, na juu yake vumbi la miaka iliyofuata. Unyoya mmoja, bawa la nzi. Harufu ya mawese ya zamani ikanipiga. Kidevu kilikuwa kimeteremka kidogo. Penye alama ya kidole cha Bwana Talatala palikuwa bado ni kidole cha Bwana Talatala, hakuna aliyepaziba. Na kinywa kilikuwapo, chote, cha mwanamke mwenye jibu ambaye ameamua halitatoka. Nje walikwisha anza kuimba wimbo wa kuinua jeneza. Nilinyoosha mkono nikamgusa shavuni, upande ule mwingine, na kidole kilirudi kimelowa.

Mama Véro akanipa kitambaa. Nikamrudishia.

Tulimsindikiza Raphaël makaburini kwa miguu, jua kali. Njia yote watu walikuja kunisalimu, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja amenyoosha mkono kwa Patron, na kila mmoja nilimpa kifundo cha mkono akishike, kama anavyosalimu fundi aliyeitwa katikati ya kazi, mikono yake ikiwa bado na rangi.